Kupima risasi za raifo kwenye jeli: maswali tunayoulizwa kila mara Lindi na Mtwara

Kila tukirudi kutoka uwanja wa shabaha na matofali yetu ya jeli yaliyochanika, simu zinaanza. Maswali ni yale yale, kutoka Nachingwea, Masasi, Liwale, hata kwa majirani waliotuona tukishusha kitu kinachotikisika kwenye pikapu. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie. Mimi si mtu wa maabara. Ni mmiliki wa raifo mwenye leseni, nawinda kwa kibali, na nina mizani, kipimajoto na subira kiasi.

Jambo moja la lugha kwanza. Huku kwetu "risasi" ni kila kitu: ganda, baruti na kile kinachoruka. Ili tusichanganyane, kile kinachoruka nakiita kichwa.

## Ya mwanzo

1. Hiyo jeli ni kitu gani hasa?

Ni jelatini, ile ile inayotengeneza jeli ya watoto, ila nzito zaidi na haina sukari. Hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ukiichanganya na maji kwa kiasi sahihi na kuipoza kwa joto sahihi, unapata tofali ambalo kichwa cha risasi hupunguza mwendo ndani yake karibu sawa na kinavyopungua ndani ya nyama laini. Na kwa kuwa unaona ndani, unaona njia yote: kilipoingia, kilipoanza kuchanua (ncha kufunguka kama uyoga), kilipopinda, kiliposimama.

Neno la kushika hapo ni "karibu". Jeli haina mfupa, haina ngozi, haina mapafu yaliyojaa hewa. Kazi yake ni kulinganisha risasi A na risasi B katika hali moja. Mtu anayekuambia "imeenda sentimita 50 kwenye jeli, basi itaenda sentimita 50 kwa pofu, yule swala mkubwa" anakudanganya, au amejidanganya mwenyewe kwanza.

2. Kwa nini msitumie mzoga wa mbuzi? Ungekuwa na uhakika zaidi.

Ungekuwa na uhakika mdogo zaidi. Risasi ya kwanza itagonga bega, ya pili itapita katikati ya mbavu, ya tatu itaingia tumboni kwenye majani. Utapata majibu matatu na hutajua tofauti imetokana na risasi au na mbuzi. Jeli iliyopikwa vizuri ni ile ile kila sentimita.

Aliyeuliza kuhusu mbuzi aliye hai, jibu ni hapana, na sidhani kama mtu aliyelelewa kwenye pwani hii anahitaji kuambiwa kwamba kiumbe chenye roho hakifanywi shabaha.

3. Nani alianzisha mambo haya?

Madaktari wapasuaji. Theodor Kocher wa Uswisi, yule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake ya tezi ya shingoni, alikuwa amekwisha kuchunguza majeraha ya risasi tangu karne ya kumi na tisa. Kipimo tunachofuata leo, yaani jelatini asilimia 10 kwa nyuzijoto 4, kilisimamishwa na Martin Fackler, daktari wa jeshi la Marekani aliyeongoza maabara ya majeraha ya risasi huko San Francisco miaka ya 1980. Alikuwa amewafanyia upasuaji majeruhi Vietnam. Alitaka kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia mezani kwake na kupata jibu lile lile.

Baadaye FBI nao walikichukua, baada ya mapambano ya Miami ya Aprili 1986 ambako maofisa wao wawili waliuawa. Hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya kichwa kuzama "inchi 12 hadi 18" ndani ya jeli, inayotajwa kila mahali. Hiyo inchi ina balaa lake, tazama swali la 16.

4. Sasa mwindaji wa Lindi inamhusu nini?

Inamhusu kwa sababu dukani utauziwa boksi lenye picha ya nyati na maneno makubwa, na hutapewa nafasi ya kujaribu. Kichwa kinachopasuka mapema humwacha mnyama na jeraha la juu juu, akakimbia na maumivu siku mbili. Kisichochanua kabisa hupita kama sindano. Yote mawili ni dhuluma kwa mnyama, na akiwa nyati ni hatari kwa anayemfuata kwenye majani. Afadhali ujue hayo kwa tofali la jeli kuliko kwa damu porini.

5. Je, sheria inaniruhusu?

Leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kuifyatulia popote. Silaha na risasi zinasimamiwa na sheria ya mwaka 2015, na polisi ndio wenye kauli. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kabla hujapika hata kikombe cha jeli, nenda kituoni na leseni yako, ueleze unataka kufanya nini, wapi na kwa risasi ngapi. Sisi hupiga kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa tu. Risasi hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni na kuandikwa. Kujaza maganda mwenyewe nyumbani hatufanyi na hatufundishi. Ukiuliza juu ya hilo hutajibiwa.

## Jikoni

6. Jelatini ipi? Na je, si ya nguruwe?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na ni la haki. Jelatini ina aina mbili. Aina A hutengenezwa kwa asidi, na mara nyingi sana ni ngozi ya nguruwe. Aina B hutengenezwa kwa chokaa, na kwa kawaida ni ng'ombe. Kipimo cha Fackler kilijengwa juu ya aina A yenye nguvu ya bloom 250. (Bloom ni jina la mtu, Oscar Bloom, aliyebuni chombo cha kupimia ugumu wa jelatini miaka ya 1920. Namba ikiwa kubwa, jeli ni ngumu.)

Nyumbani kwangu ya nguruwe haiingii jikoni, basi. Natumia ya ng'ombe yenye bloom iliyo karibu na 250 na kuipima kwa gololi kama ilivyoelezwa swali la 11. Ikifaulu gololi, inatosha kwa kulinganisha. Ikishindwa, naongeza jelatini kidogo katika tofali linalofuata, nalipima tena. Soma pakiti. Kama haikuandikwa aina wala bloom, iache dukani. Zile pakiti ndogo za kupikia zinazouzwa pamoja na rangi za keki mara nyingi ni dhaifu, na kwa tofali moja utahitaji pakiti nyingi mno.

7. Mwani wetu hautoi jeli? Si tunalima hapa hapa?

Unatoa. Mwani unaolimwa pwani yetu hutoa karajini, nayo inashika vizuri. Nilijaribu kwa sababu niliona aibu kuagiza kitu kutoka mbali huku kamba za mwani ziko mlangoni. Lakini jeli niliyoipata ilikuwa ya kukatika: risasi ikiingia tofali linavunjika vipande kama barafu, na njia haibaki. Jelatini ina mvuto, hutanuka kisha hurudi, ndivyo nyama inavyofanya. Agari, jeli nyingine ya mwani, nayo ina tatizo hilo hilo.

8. Nipike kiasi gani?

Kwa uzito, sehemu moja jelatini na tisa maji. Tofali la sentimita 15 kwa 15 kwa 40 linahitaji kama gramu 920 za jelatini na lita 8.3 za maji. Kwa raifo hilo ni jembamba, kwa sababu likitanuka linapasuka pembeni na njia inapotea. Sisi tunatumia 20 kwa 20 kwa 50, yaani kilo mbili za jelatini na lita 18 za maji, na tunapanga mawili, moja nyuma ya jingine. Pima kwa mizani. Vikombe viache kwenye wali.

9. Nipikeje?

Maji baridi kwanza. Nyunyiza jelatini taratibu juu yake, koroga bila kupiga povu, iache inywe maji angalau saa mbili. Kisha ipashe moto juu ya maji, sufuria ndani ya sufuria, mpaka iyeyuke yote. Isivuke nyuzijoto 60, na ukiweza ishia 40. Ikichemka imekwisha. Itaganda, ndiyo, lakini nguvu yake imevunjika, na risasi zako zote zitaonekana hodari.

Matone machache ya mafuta ya mdalasini hupunguza povu na kuzuia ukungu. Jirani mmoja alipita akauliza tunapika nini kinanukia hivyo, na mpaka leo haamini jibu.

Mimina kwenye chombo kilichopakwa mafuta, kiache kipoe nje kwa muda wa saa nne, kisha ndani ya friji kwa nyuzijoto 4 kwa siku mbili. Si kwenye friza: ikiganda barafu, chembe za barafu zinaipasua ndani kwa ndani.

10. Joto la huku je?

Hapa ndipo kazi yote inapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo kinataka nyuzijoto 4, na tofali lipigwe ndani ya dakika 20 tangu litoke kwenye baridi. Mtwara saa sita mchana ni nyuzijoto 30 na zaidi, na uwanja hauko mlangoni pa friji. Jeli ikipata joto inalegea, kichwa kinakwenda mbali zaidi, na wewe unasifu risasi wakati wa kusifiwa ni jua.

Imenipata. Mwaka wa kwanza nilipakia matofali mawili kwenye boksi la kubebea samaki, barafu juu, nikatoka Mtwara alfajiri kwenda upande wa Lindi. Nikapata pancha Mnazi Mmoja. Spea nayo haikuwa na upepo. Mpaka nimepata fundi, jua limepanda, barafu imekuwa maji, na nikisukuma tofali kwa kidole linaacha alama. Nikapiga hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali. Softi (risasi yenye kichwa cha ncha laini, cha kuchanua) ya .30-06, saizi ya kawaida ya raifo, yenye kichwa cha greni 180 (kama gramu 12), ilivuka tofali la kwanza, ikavuka la pili, ikatoka nje. Zaidi ya mita moja! Nilisimulia habari ile miezi mitatu, mpaka jamaa mmoja aliponiuliza kwa upole gololi ilikwenda sentimita ngapi. Sikuwa nimepiga gololi. Nilipopika tofali jingine na kuliacha lipate joto makusudi, gololi ilizama sentimita 11 na nusu, wakati mwisho wake ni 9 na nusu.

Siku hizi tunafanya hivi. Tunapiga kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunafunga kazi kabla ya saa tatu. Matofali yanasafiri yamefungwa nailoni, yamezungukwa na mabonge ya barafu ya wauza samaki, lakini barafu haigusi jeli, kuna taulo katikati. Kipimajoto cha kuchomeka, kile cha nyama, kinaingia kwenye kona ya tofali mpaka katikati. Kikisoma zaidi ya 6, tofali linarudi kwenye boksi. Umeme ukikatika usiku wa pili, tunaahirisha. Hakuna ujanja mwingine.

Kuna kipimo kingine, jelatini asilimia 20 kwa nyuzijoto 10, kinachotumiwa na majeshi ya NATO. Watu huuliza kama si rahisi kwetu. Baridi yake ni nafuu kidogo, ila jelatini ni mara mbili na matokeo hayalinganishwi na ya asilimia 10. Chagua kimoja ubaki nacho.

11. Gololi ni ya nini?

Ndiyo shahidi. Gololi ya chuma ya milimita 4.5 inapigwa kwa bunduki ya upepo kwa mwendo wa mita 180 kwa sekunde, na katika jeli sahihi huzama sentimita 8.5, pungufu au zaidi kwa sentimita moja. Ikizama zaidi ya 9.5 jeli ni laini, chini ya 7.5 ni ngumu. Mwendo unapimwa kwa kronografu, kile kifaa kinachowekwa mbele ya mtutu.

Tunapiga gololi kila tofali, kwenye kona, kabla ya raifo, na tunaandika. Majaribio yasiyo na namba ya gololi hatuyahesabu, yawe yetu au ya mtu mwingine. Na kabla hujanunua bunduki ya upepo, uliza polisi. Usidhani ni kichezeo.

12. Ile jeli ang'avu ya plastiki si bora? Haihitaji friji.

Ni mafuta ya madini yaliyogandishwa kwa polima. Inakaa kwenye joto la kawaida, inaonyesha kila kitu kama kioo, na unaiyeyusha ukatumia tena mara nyingi. Kwa Mtwara inavutia sana. Lakini haipunguzi mwendo wa kichwa kwa namna ile ile ya jelatini, kwa hiyo sentimita zake si sentimita zetu. Kama wewe na mwenzako mnatumia hiyo hiyo siku zote, linganisheni kwa raha zenu. Usiichukue namba yake ukaiweka kwenye jedwali la jelatini.

Ule mwali wa moto unaouona ndani ya jeli hiyo kwenye video ni mvuke wa mafuta unaowaka pale tundu linapofunga ghafla na kubana hewa, kama injini ya dizeli. Risasi haina moto wa ajabu, na ndani ya mnyama hakuna kitu cha namna hiyo.

13. Sina jelatini wala friji. Naweza kupata chochote?

Unaweza. Panga madumu ya maji mstari mmoja, yamegusana, nyuma yake magunia ya mchanga. Maji hufungua softi vizuri, na kichwa utakiokota kikiwa kimechanua. Utajua kama kinachanua na kimebaki na uzito gani. Hutajua kilivyosafiri, na maji yanakipitisha mbali kuliko jeli. Mchanga mkavu unakikwaruza na kukirarua, usiutumie kupima, ni wa kuzuia tu. Udongo wa mfinyanzi unapanuka na haurudi, kwa hiyo huonyesha tundu la kutisha lisilo la kweli. Na sabuni ya mche, kwa walioniuliza: maabara za Ulaya hutumia sabuni kweli, lakini si hiyo ya kufulia.

## Uwanjani

14. Nipige kutoka umbali gani, na usalama ukoje?

Wengi hupiga karibu, kama mita 25, ili wasikose tofali. Ni sawa, ila jua kwamba hapo kichwa kina mwendo wake wote. .30-06 ya greni 180 hutoka mtutuni kwa kama mita 820 kwa sekunde, na kufika mita 200 imepoteza zaidi ya mita 100 kati ya hizo. Kichwa kinachochanua vizuri karibu huenda kisifunguke mbali, na kingine kinachodumu mbali kikapasuka karibu. Tunapiga umbali mbili: 25, na ule ambao kweli tunapigia porini.

Usalama: kichwa cha raifo hakina adabu ndani ya jeli. Kinaweza kupinda na kutokea ubavuni. Tofali liwe mbele ya kifusi kirefu cha udongo, si mbele ya mnazi. Watu wote nyuma ya mpigaji, masikio na macho yamekingwa. Hata .22 ndogo inaweza kufika kilomita moja na nusu, na .30-06 inapita kilomita nne. Shamba la mikorosho lina watu hata usipowaona, hasa Oktoba wakati wa kuokota.

15. Risasi moja haitoshi? Ni ghali.

Haitoshi. Tatu kwa uchache, tano ndiyo heshima, za boksi moja. Ni ghali kweli.

## Kusoma tofali

16. Inchi 12 hadi 18 ndiyo alama ya kufaulu?

Kwa bastola za askari wa Marekani, ndiyo, sentimita 30 hadi 46. Kwa swala mkubwa aliyesimama mshazari, au nyati, haina maana. Nimeona mtu akiikataa .375 nzuri, risasi ya wanyama wakubwa, kwa sababu "imezidi". Nyati ana ngozi nene, misuli ya bega na mifupa kabla hujafika moyoni. Kwake kupenya hakuzidi.

17. Kuna tundu kubwa na tundu dogo. Lipi la kweli?

Yote, kwa wakati wake. Kichwa kinapopita kinaisukuma jeli pembeni kwa nguvu, inatanuka kama puto kwa kitambo cha kufumba jicho, halafu inarudi. Hilo ni tundu la muda. Linaacha mipasuko inayotoka katikati kama miale, na urefu wa mipasuko hiyo ndio kumbukumbu yake. Tundu la kudumu ni njia yenyewe, nyama iliyopondwa.

Kwa mwendo wa bastola, tundu la muda nyama nyingi hulivumilia, kwa sababu inanyumbuka. Kwa mwendo wa raifo, kuanzia kama mita 600 kwa sekunde na kupanda, mnyumbuko unashindwa na nyama inachanika, hasa kama vipande vya kichwa vimekwisha kuitoboa toboa. Ini halinyumbuki kabisa, mapafu yananyumbuka sana. Jeli haijui tofauti hiyo. Wewe ndiye unatakiwa kuijua.

Ninachoandika: urefu kutoka mlangoni hadi kitako cha kichwa, mahali mipasuko inapoanza, mahali ilipo mirefu kuliko kote, na mahali inapoisha. Kata tofali kwa urefu kwa kisu kilicholowa maji ya moto, mimina wino kidogo wa chakula njiani, utaona kila kitu.

18. Nini cha kupima kwenye kichwa chenyewe?

Kioshe, kikaushe. Upana wake pale kinapozidi na pale kinapopungua, chukua wastani. Uzito wake. Kama kilikuwa greni 180 na kimebaki 126, kimehifadhi asilimia 70. Kisha tazama umbo: uyoga uliofunguka sawasawa ni furaha, uyoga uliolalia upande mmoja ndio uliopindisha njia. Koti la shaba likiachana na madini ya risasi ya ndani, kiandike kwa wino mwekundu.

19. Vile vimulimuli vya kijivu pembeni ya njia ni nini?

Risasi, yaani madini yenyewe. Softi ya kawaida humwaga chembe ndogo ndogo, nyingine sentimita nyingi kutoka njiani, mahali ambapo kwenye nyama usingeona hata kidonda. Hii ndiyo faida ya jeli ambayo sikuitafuta. Tangu nilipoziona, mnyama nikimpiga kwa softi nakata na kutupa nyama pana kuzunguka jeraha, na ninaifukia mbali, maana tai wakila wanakufa kwa sumu hiyo. Mama wajawazito na watoto hawafai kuila kabisa. Vichwa vya shaba tupu haviachi chembe hizo, vinapenya zaidi, na bei yake utaisikia mwenyewe.

## Ya pembeni

20. Solidi (kichwa kigumu kisichochanua) ya .375 au .458 inapimikaje?

Kwa jeli, haipimiki kwetu. Solidi ya .375, greni 300, inapita zaidi ya mita moja ya jeli moja kwa moja na kutoka ikiwa kama mpya. Kilo nne za jelatini kwa tundu moja lililonyooka! Swali la solidi ni kama inanyooka na kama haivunjiki, na magazeti ya zamani yaliyolowekwa maji usiku kucha, yakapangwa, yanakujibu kwa bei nafuu.

21. Risasi za kijeshi, zenye koti zima?

Uzipime za nini? Haziwindi. Nitakujibu kwa elimu tu: zile za milimita 7.62 ndefu za NATO, katika michoro ya Fackler, huenda kama sentimita 15 ncha mbele, kisha hujipindua na kumalizia kitako mbele, na hapo kwenye kujipindua ndipo tundu kubwa linapotokea. Kwa mwindaji ina maana kwamba kwa mnyama mdogo ingepita kabla ya kufanya lolote. Vichwa vya kuchanua vilikatazwa vitani kwa Azimio la The Hague la 1899, kwa hiyo risasi ya jeshi na ya mwindaji hazikuumbwa kwa kazi moja.

22. Nimeokota risasi ya zamani shambani, mnaweza kuipima?

Usiiguse. Huko Mahiwa Waingereza na Wajerumani walipigana Oktoba 1917, na chuma cha vita hakizeeki kwa usalama. Weka alama mbali nacho, waite polisi.

23. Gobole?

Hapana. Gobole lisilo na leseni halipimwi, linasalimishwa. Nimeona mikono iliyopoteza vidole kwa mtutu wa bomba la maji.

24. Nguruwe pori na tembo wanamaliza mihogo. Mnishauri risasi ipi.

Pole sana, ndugu, na si maneno ya mdomoni: shamba langu mwenyewe liliwahi kuliwa usiku mmoja. Lakini huo si ushauri wa risasi. Tembo ni wa askari wa wanyamapori, piga simu wilayani. Nguruwe nao wana utaratibu wao wa kibali. Ukiwa na kibali na bunduki halali, njoo tena na tutazungumza kuhusu softi.

25. Mnaweza kupima risasi ikipita kwenye bati la gari, mlango au fulana ya kuzuia risasi?

Hatufanyi. Hakuna mnyama anayevaa bati.

26. Kwa hiyo nyie ndio mnaogeuza risasi kuwa maji?

Kila mzee wa Umatumbi anautoa utani huu, na kila mara anacheka kama ni mara ya kwanza. Jeli yetu ni maji asilimia 90, na inasimamisha risasi kweli. Ila inahitaji nusu mita na zaidi. Waliokwenda vitani mwaka 1905 wakinyunyiziwa maji hawakuwa na nusu mita ya kitu chochote, na utani wa mzee huwa unaishia hapo, akanyamaza, tukabadilisha mazungumzo.

27. Baada ya kupiga, mnaila?

Ina madini ya risasi ndani, ina mdalasini usio na sukari, na imelala pikapuni. Hapana. Mwanangu aliwahi kulamba kona ya tofali jipya, kabla halijapigwa, akasema halina ladha.

28. Naweza kuyeyusha na kupika tena?

Mara moja au mbili, kwa moto mdogo, baada ya kuchuja chembe kwa kitambaa. Kila kuyeyusha kunapunguza nguvu, kwa hiyo gololi tena, bila kujidanganya. La tatu halifaulu. Hilo tunalifukia, shimo refu, maana sisimizi wa huku wanaanza kupanga mstari kabla hujamaliza kukata.